Studio za nyumbani zinauza unga na kupoteza mbegu

Katika miaka ya karibuni kazi ya kurekodi sauti imetoka kwenye majengo makubwa ya mijini na kuingia vyumbani mwa watu. Kijana mwenye kompyuta moja, kipaza sauti, spika mbili na magodoro yaliyobandikwa ukutani kuzuia mwangwi anaweza leo kurekodi wimbo wa Bongo Fleva, kwaya, tangazo la duka au kipindi cha kilimo cha redio ya wilaya. Wateja wake si wasanii wenye majina peke yao. Wamo wanakwaya wa vijijini wanaorekodi baada ya kuuza mazao, wafanyabiashara wanaotaka tangazo la kuzungushwa na gari siku ya gulio, na vyama vya msingi vya ushirika vinavyotangaza mnada au mkutano mkuu.

Hii ni biashara ndogo kama ilivyo mashine ya kusaga au duka la pembejeo, na inastahili kupimwa kwa hesabu zilezile. Ukiipima hivyo utakuta kasoro moja kubwa. Mara nyingi bidhaa yote ya biashara hii imekaa ndani ya diski moja, ndani ya kompyuta moja, ndani ya chumba kimoja. Mkulima anayeweka mavuno ya miaka mitano kwenye ghala moja lisilo na kufuli tungemshangaa. Mwenye studio anayefanya hivyo tunamwita fundi.

Suala hili limepata uzito mpya kwa sababu ya bei. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya vipande vya kumbukumbu vya kompyuta ilipanda sana katika soko la dunia, kwa kuwa kampuni zinazojenga vituo vya data vya akili bandia zilikuwa zikinunua kwa wingi. Bei ya vifaa ikipanda, jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara mdogo huahirisha ni kununua diski ya pili, kwa sababu haimwongezei mteja hata mmoja. Hesabu tutakazoziona hapa zinaonyesha kuwa kuahirisha huko kunaweza kugharimu kuliko diski yenyewe.

Unga na mbegu

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe kinachotunzwa. Mteja anapotoka studio huwa na wimbo uliokamilika, mara nyingi katika muundo wa MP3, ndani ya simu au flashi. Wimbo wa dakika 4 wa namna hiyo, hata ukiwa wa kiwango cha juu, hauzidi megabaiti 10. Wengi huamini kwamba hiyo ndiyo kazi yao yote.

Lakini kilichobaki kwenye kompyuta ya studio ni kikubwa zaidi. Kila sauti ilirekodiwa peke yake: mwimbaji kiongozi, sauti ya pili, gitaa, ngoma, kinanda. Sauti moja iliyorekodiwa kwa kiwango cha kawaida cha studio, yaani biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, hula megabaiti 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye sauti 24 unafika megabaiti 829. Hapo hatujahesabu marudio, na marudio yanaweza kuongeza kiasi hicho mara mbili.

Tofauti ya MP3 na faili hizo ni tofauti ya unga na mbegu. Unga unalika leo, unauzwa leo, lakini ukiumwaga shambani hauoti. Mwenye faili za sauti moja moja anaweza kupunguza ngoma, kubadilisha mwimbaji, kutoa wimbo bila maneno kwa ajili ya harusi, au kutengeneza toleo jipya baada ya miaka 10. Mwenye MP3 peke yake hawezi kuyafanya hayo kwa ubora uleule.

Mfanyabiashara aliyerekodi tangazo analijua hili siku anapobadilisha namba ya simu au kuhamisha duka. Kama faili za awali zipo, msomaji anarudia sentensi moja na kazi imekwisha. Kama zimepotea, muziki na maneno vimeshachanganyika kama unga na maji. Inabidi alipie tangazo upya.

Hatari zinazotembea pamoja

Wengi wakisikia habari ya kupoteza data huwaza diski iliyokufa. Ni kweli diski hufa. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, iliyokuwa ikitunza data za wateja kwenye diski karibu 300,000, ilitangaza kuwa kwa mwaka 2024 kiwango cha diski zake kuharibika kilikuwa asilimia 1.57. Kwa lugha nyepesi, kwenye kila diski 200 zilikufa kama 3 kwa mwaka. Na hizo ni diski zinazokaa kwenye vyumba vyenye ubaridi na umeme usioyumba. Chumba chenye vumbi, joto la mabati na umeme unaokatika katikati ya kurekodi hakiwezi kutarajia hali nzuri kuliko hiyo.

Hata hivyo, kufa kwa diski ni hatari moja tu. Zipo wizi, moto, mafuriko, virusi, mtoto kumwaga chai, na fundi mwenyewe kufuta faili usiku wa manane akitafuta nafasi. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mtu ananunua diski ya pili, ananakili kila kitu, kisha anaiweka juu ya meza ileile. Amejikinga na diski kufa. Hajajikinga na mwizi, kwa sababu mwizi anayebeba kompyuta hataacha diski iliyo kando yake.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam. Moto wa namna ile hauchagui kati ya bidhaa, daftari na nakala ya daftari iliyowekwa kwenye droo ya kibanda kilekile. Hatari mbili zikitembea pamoja, kinga mbili zilizo mahali pamoja huhesabiwa kuwa moja.

Virusi navyo vina tabia hiyohiyo. Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilisambaa katika nchi nyingi duniani, vikifunga faili za watu na kudai fidia. Virusi vya aina hiyo hufunga pia faili za diski ya nje iliyoachwa imechomekwa. Wakulima wa mahindi wanamfahamu dumuzi. Gunia safi ukiliegemeza kwenye gunia lenye dumuzi, baada ya muda una magunia mawili yenye dumuzi. Diski ya akiba ichomekwe wakati wa kunakili, kisha ichomolewe.

Mtandao peke yake hautoshi

Vijana wengi husema kazi zao ziko mtandaoni, kwa hiyo hawana wasiwasi. Hoja hii ina ukweli ndani yake, maana nakala iliyo mtandaoni haiungui chumba kikiungua. Lakini ina mashimo manne.

La kwanza ni kwamba mtandao wa kusambazia muziki haukuahidi kukutunzia. Mwezi Machi 2019 ilifahamika kuwa mtandao wa MySpace wa Marekani, uliokuwa maarufu sana kwa wanamuziki chipukizi, ulikuwa umepoteza muziki uliopakiwa katika miaka yake 12 ya mwanzo wakati wa kuhamisha mitambo. Iliripotiwa kuwa nyimbo zilizopotea zilifikia milioni 50. Waliokuwa na nakala nyumbani hawakupata hasara. Waliouchukulia mtandao kuwa ghala walibaki mikono mitupu.

La pili ni njia ya kufikia huko. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini Tanzania kwa siku kadhaa. Studio yenye tangazo la kukabidhi siku hizo, huku faili zote zikiwa mtandaoni, haikuwa na la kufanya.

La tatu ni gharama na muda. Wimbo mmoja wa megabaiti 829, kwa intaneti inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, huchukua dakika 55 kupanda. Akaunti ya bure ya Google kwa miaka mingi imekuwa na nafasi ya gigabaiti 15, ambayo hujazwa na nyimbo 18 za ukubwa huo. Baada ya hapo unalipia, na ukiacha kulipa hutakuwa na uhakika tena na mali yako.

La nne halijulikani kwa wengi. Programu nyingi za mtandaoni hufanya kazi kwa kufananisha folda. Ukifuta faili kwenye kompyuta, programu inalifuta na kule juu pia, na pengine una siku chache tu za kulirudisha. Kufananisha folda siyo kuweka akiba.

Funzo la ghala la mbegu

Wakulima wana mfano bora kuliko wowote wa kompyuta. Mwaka 2008 nchi ya Norway ilifungua ghala la mbegu katika visiwa vya Svalbard, karibu na Ncha ya Kaskazini. Benki za mbegu za nchi mbalimbali hupeleka huko nakala za mbegu zao, si badala ya kutunza nyumbani bali juu ya kutunza nyumbani. Wapo waliodhani kuwa ghala lile lingekaa miaka mingi bila kuhitajika. Haikuwa hivyo. Kituo cha utafiti cha ICARDA kilikuwa na benki yake karibu na mji wa Aleppo, Syria. Vita vilipofanya benki hiyo isifikike, mwaka 2015 kituo kiliomba mbegu zake kutoka Svalbard, kikazipanda Lebanon na Morocco, na kuanzia mwaka 2017 kikaanza kurudisha nakala mpya kule kule.

Mambo matatu yaliiokoa kazi ile. Nakala ilikuwepo kabla ya balaa. Ilikuwa mbali na balaa. Na mbegu zilikuwa zinaota.

Wataalamu wa data wana kanuni inayofanana na hiyo, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh katika miaka ya 2000. Inaitwa kanuni ya 3-2-1: kuwa na nakala 3 za kazi, kwenye vyombo vya aina 2 tofauti, na nakala 1 kati ya hizo iwe mahali pengine. Kwa studio ya nyumbani, nakala ya kwanza ni ile iliyo kwenye kompyuta. Ya pili ni diski ya nje inayokaa kabatini ikiwa imechomolewa. Ya tatu ni diski nyingine inayokaa kwa ndugu au rafiki mtaa mwingine, na kwa kazi muhimu zaidi inaongezwa nakala ya mtandaoni. Mara moja kwa wiki diski za kabatini na za kwa ndugu zinabadilishana zamu.

Jambo la kuota kwa mbegu nalo lina maana yake hapa. Kabla ya kupanda, mkulima makini huotesha mbegu chache na kuhesabu zilizochipua. Mwenye studio naye achague wimbo mmoja kila mwezi, aufungue kutoka kwenye diski ya akiba kwa kutumia kompyuta nyingine, na ausikilize mpaka mwisho. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Hesabu ya wimbo mmoja

Sasa tuje kwenye fedha. Tuchukue mfano wa studio inayorekodi nyimbo 60 kwa mwaka na kutoza shilingi 100,000 kwa wimbo. Inanunua diski mbili za nje za terabaiti 1 kwa shilingi 200,000 kila moja na kuzitumia miaka minne. Katika muda huo itarekodi nyimbo 240, ambazo hata zikiwa na marudio zitachukua kama gigabaiti 400, chini ya nusu ya diski. Gharama ya diski ni shilingi 1,667 kwa wimbo. Ukiongeza shilingi 1,000 za intaneti unapata karibu shilingi 2,700. Hiyo haifiki asilimia 3 ya bei ya wimbo.

Upande wa pili wa mizani tuweke kwaya ya watu 25 kutoka kijijini inayorekodi nyimbo 8 kwa siku mbili. Studio inalipwa shilingi 800,000. Nauli ya shilingi 4,000 kwa mtu kwa siku inafanya 200,000, na chakula cha shilingi 3,000 kinafanya 150,000. Jumla ni shilingi 1,150,000. Tena kwaya imetumia siku 50 za kazi ya mikono, ambazo kwa kibarua cha shilingi 10,000 ni shilingi 500,000 nyingine. Thamani ya kazi iliyo ndani ya diski ni shilingi 1,650,000. Akiba ya nyimbo 8 inagharimu shilingi 21,600.

Gawanya 21,600 kwa 1,650,000 upate asilimia 1.3. Maana yake ni kwamba kama uwezekano wa kazi hiyo kupotea ukizidi asilimia 1.3, kuweka akiba kunalipa. Diski zinazotunzwa vizuri huko Marekani ziliharibika kwa asilimia 1.57 katika mwaka mmoja, bila kuhesabu mwizi, moto wala virusi. Kwa mantiki hiyo, studio ya uani haina hoja ya kiuchumi ya kukataa.

Tazama pia nani anabeba hasara. Hata mwenye studio akiwa mwaminifu na kurudisha shilingi 800,000 zake zote, kwaya bado imepoteza 350,000 za nauli na chakula pamoja na siku 50 za shamba. Uamuzi wa kutonunua diski hufanywa na mtu mmoja, lakini sehemu kubwa ya hasara huangukia wengine. Ndiyo sababu suala hili haliwezi kuachiwa hiari ya fundi peke yake.

Akiba siyo kumbukumbu ya kudumu

Kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Nakala ya akiba, ambayo mafundi wengi huiita bakapu, ni ya kazi inayoendelea, ili balaa la leo lisiharibu kazi ya jana. Kumbukumbu ya kudumu ni ya kazi iliyokwisha, ili iweze kutumika baada ya miaka 20. Ya kwanza ni kama chakula cha kufikisha mavuno yajayo. Ya pili ni mbegu ya asili ya ukoo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara inalinda haki ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Kwa kanuni hiyo kazi alizotunga bado zina ulinzi hadi mwaka 2029. Haki inaweza kuishi miaka 80, lakini diski haiishi hivyo, na programu iliyotumika kurekodi pengine haitafunguka baada ya miaka 10. Nyimbo nyingi za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970 zinasikika leo kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi kwenye kanda na kuzitunza. Wanamuziki wa leo hawarekodi kwenye taasisi yenye maktaba. Wanarekodi chumbani, na maktaba ni hiyo diski.

Kazi inapokamilika, fundi atoe kila sauti kwenye faili lake la WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri, ili programu yoyote iweze kuzipanga tena. Aweke pia wimbo uliokamilika, na faili fupi la maandishi lenye jina la wimbo, tarehe, mwendo wa wimbo, majina ya waimbaji na wapigaji, na mmiliki wa haki. Folda ipewe jina linaloanza na mwaka. Kisha kila baada ya miaka minne au mitano zote zihamishiwe kwenye diski mpya, kama mkulima anavyofufua mbegu kwa kuipanda. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na folda iitwayo "mpya mwisho kabisa 2" si daftari.

Nini kifanyike

Kwa mteja, awe kwaya, mfanyabiashara au chama cha ushirika, kabla ya kulipa aulize maswali matatu. Faili za sauti moja moja nitakabidhiwa? Nakala zitakaa wapi, na kwa muda gani? Zikipotea kabla sijakabidhiwa, nani analipa? Majibu yaandikwe kwenye risiti, hata kwa mistari miwili. Mwenye uwezo aje na diski yake mwenyewe.

Kwa mwenye studio, shilingi 2,700 za akiba ziingizwe wazi kwenye bei, na mteja aambiwe ni za nini. Kazi hiyo inaweza hata kuuzwa, kwa ada ndogo ya mwaka ya kumtunzia mteja faili zake, mradi kuwe na maandishi.

Kwa halmashauri, mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka 2023. Kikundi cha vijana kinapoomba fedha za studio, ofisa maendeleo ya jamii aangalie kama diski za akiba zimo kwenye orodha ya vifaa. Kama hazimo, aulize mkopo utarejeshwa kwa nini siku kompyuta itakapoibwa. Kwa mkopo wa ghala la mahindi tungeuliza kuhusu kufuli, paa na dawa ya dumuzi. Kwa studio swali hilo ni la shilingi 400,000, na liulizwe kabla fedha hazijatoka.